Sumaku Mbili Ndani ya Spika Moja

Fungua spika yoyote, iwe ya redio ya mezani, ya kwaya au ya gari la matangazo, utakuta sumaku mbili zinazosukumana na kuvutana. Ya kwanza unaijua: ni ile pete nyeusi, nzito, iliyogandishwa nyuma, inayonasa bisibisi ya fundi kila inapopita karibu. Ya pili haionekani kuwa sumaku hata kidogo. Ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kikopo chepesi, ukaning'inizwa ndani ya mwanya wa milimita chache katikati ya ile pete. Spika ikiwa imezimwa, waya huo hauvuti hata pini. Muziki ukianza, unageuka sumaku, tena sumaku inayobadilisha ncha zake mamia na hata maelfu ya mara kwa sekunde. Kila inapobadilika inasukumwa mbele au kuvutwa nyuma pamoja na karatasi ya spika. Hewa inatikisika, nasi tunasikia sauti.

Gerezani, Dar es Salaam, mafundi wa spika wana kipimo chao ambacho kingefaa kuwa somo la kwanza la sumaku katika kila shule ya sekondari. Fundi anachukua betri ya tochi ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Anagusisha upande wa kujumlisha wa betri kwenye alama ya kujumlisha ya spika, na upande wa kutoa kwenye kituo cha pili. Karatasi inaruka mbele, tup! Anageuza betri, karatasi inarudi ndani.

"Umeona, mwanangu?" aliniuliza mzee mmoja wa kazi hiyo, miwani imeshuka puani. "Nikigeuza moto, na yenyewe inageuka. Lakini hii," akaigonga ile pete nyeusi, "hii haikuulizi kitu. Iko vilevile tangu ilipotoka kiwandani."

Kauli hiyo imebeba tofauti nzima kati ya sumaku-umeme na sumaku ya kudumu. Jambo lililobaki, ambalo vitabu vyetu vingi vya shule hulipita upesi, ni kwamba chini kabisa sumaku hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zaidi ya hapo, ukifuatilia asili ya sumaku ya kudumu, iwe ya kiwandani au ya porini, karibu kila mara utakuta mkondo wa umeme uliopita hapo, ukafanya kazi yake, ukaondoka.

Hadi mwaka 1820 hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba umeme na sumaku vina uhusiano wowote. Mwaka huo Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen nchini Denmark, alipitisha mkondo kwenye waya uliokuwa karibu na dira, sindano ikacheza. Haikuvutwa kuufuata waya; iligeuka na kutaka kuukingama, kana kwamba kuna kitu kinachozunguka pembeni mwa waya. Alichapisha taarifa yake Julai. Septemba habari ilikuwa imeshafika Paris, na huko André-Marie Ampère akaonyesha kwamba nyaya mbili zenye mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana, na zenye mikondo inayopishana husukumana, bila kuwapo hata chembe ya chuma. Mwenzake, François Arago, alitia sindano ya feleji ndani ya waya uliosokotwa, akapitisha mkondo, kisha akaitoa sindano. Ilikuwa imeshakuwa sumaku, na ikabaki hivyo.

Ampère akajiuliza swali ambalo mimi huliona kuwa kubwa kuliko majaribio yenyewe. Ikiwa mkondo wa umeme unaozunguka ni sumaku, je, kipande cha chuma chenye sumaku hakina mikondo midogo ndani yake, inayozunguka bila kuchoka wala kuhitaji betri? Wakati huo hakuna aliyejua kuna elektroni. Bado, alikuwa amekaribia mno ukweli. Kila elektroni ni sumaku ndogo kwa maumbile yake, kutokana na sifa ambayo wanafizikia huiita spini, na mwendo wake ndani ya atomi huongeza kidogo. Katika vitu vingi elektroni hizo hukaa mbilimbili zikitazama pande zinazopingana, na nguvu zao hufutana. Ndiyo maana shaba, mbao na ngozi yako havinaswi na sumaku. Kwenye atomi za chuma, nikeli na kobalti, baadhi ya elektroni hubaki bila mwenza. Isitoshe, atomi jirani za madini haya hushawishiana kutazama upande mmoja. Ushawishi huo ulieleweka mwaka 1928, pale Werner Heisenberg alipoufafanua kwa kanuni za fizikia ya kwanta.

Basi kwa nini kila msumari si sumaku? Jibu lilitolewa na Mfaransa Pierre Weiss mwaka 1907. Ndani ya msumari kuna maeneo madogo mno, vikoa, na katika kila kikoa atomi zote zimekubaliana mwelekeo. Lakini kikoa na kikoa havikubaliani. Ni kama msikiti kabla ya swala ya Ijumaa: vikundi vikundi vya watu vimekaa, kila kimoja kimeelekea kwake, huyu anazungumza na yule. Ikikimiwa swala, wote wanageukia kibla. Kwa msumari, mwito huo ni uga wa sumaku unaotoka nje. Ukisogeza sumaku karibu, vikoa vilivyokwisha kuelekea upande unaotakiwa hupanuka na kuvimeza vya jirani, na kama uga una nguvu za kutosha vilivyosalia hugeuka. Msumari umekuwa sumaku, ncha yake ya karibu imekuwa kinyume na ncha ya sumaku yako, na vinavutana. Ukiondoa sumaku, mpangilio unavunjika.

Kuvunjika huko ndiko kunakotenganisha chuma na chuma. Katika chuma laini, kile kisicho na kaboni nyingi, mipaka ya vikoa huteleza kwa urahisi kwenda na kurudi. Katika feleji iliyofanywa ngumu kwa moto na maji, kuna kasoro nyingi ndani ya fuwele ambazo hushika mipaka hiyo isisogee. Mpangilio uliowekwa unabaki. Kwa hiyo sumaku ya kudumu haina nishati iliyofungiwa ndani inayopungua kila inaponasa kitu, kama watu wengi wanavyodhani. Inaweza kushika karatasi kwenye mlango wa friji kwa miaka na miaka isipungue chochote. Kinachoiua ni kuvurugwa kwa mpangilio: uga mkali wa kinyume, mapigo ya nyundo kwa sumaku za feleji za zamani, au joto. Pierre Curie aliichunguza athari hiyo ya joto kwa makini mwaka 1895, na leo kila madini ya sumaku yana kiwango cha joto kilichopewa jina lake. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, atomi zinatikisika kiasi kwamba haziwezi tena kukubaliana. Chuma chekundu kwenye tanuri la mhunzi hakinaswi na sumaku yoyote.

Hapo ndipo penye jambo linalonistaajabisha kila ninapolifikiria. William Gilbert, tabibu Mwingereza, aliandika mwaka 1600 kwamba Dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Alikuwa sahihi. Lakini wengi tuliosikia hivyo shuleni tulichora kichwani bonge la chuma lenye sumaku ya kudumu, na haiwezekani: chini kabisa, kuanzia kilomita 2,900 hivi kutoka tulipo, kuna chuma cha moto uliopita mbali nyuzi 770, tena kimeyeyuka. Kinachofanyika ni kwamba chuma hicho cha majimaji kinatiririka na kuzunguka, na mtiririko wake unazalisha mikondo ya umeme inayozalisha uga wa sumaku. Dira iliyowaongoza manahodha wa Bahari ya Hindi ilikuwa sindano ya kudumu ikiitii sumaku-umeme iliyo chini ya miguu yetu. Na lile jiwe la asili lenye sumaku, la madini ya magnetiti, ambalo watu wa kale walilistaajabia? Wanasayansi wengi wanaona kwamba mawe hayo yalipata nguvu zake kwa kupigwa na radi, ambayo ni mkondo wa maelfu ya ampia unaopita kwa kufumba na kufumbua.

Turudi kwenye waya. Waya mmoja ulionyooka una uga dhaifu. Ukiuzungusha, uga wa kila mzunguko unajumlishwa na wa wenzake, na ukiweka chuma laini katikati, vikoa vyake vyote vinajipanga na kuongeza nguvu mamia ya mara. Mwingereza William Sturgeon, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa ushonaji viatu na kisha askari, alionyesha mwaka 1825 kipande cha chuma cha gramu 200 hivi kilichopindwa kama kwato la farasi na kuzungushiwa waya wa shaba mizunguko 18. Kilinyanyua kilo 4. Akikata mkondo, mzigo unaanguka. Waya wake ulikuwa mtupu, ndiyo maana ilibidi apake chuma vanishi na kuacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Joseph Henry, mwalimu wa Albany huko New York, akaona njia bora: kuufunika waya wenyewe kwa hariri, ili mizunguko ibanane na kupandana tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku aliyoitengenezea Chuo cha Yale ilinyanyua zaidi ya kilo 900.

Hariri imeondoka, vanishi imebaki. Ule waya wa shaba wenye rangi ya kahawia inayong'aa, ambao mafundi wa kuwaindi mota hununua kwa kilo, umefunikwa ngozi nyembamba ya vanishi, na uhai wa mota nzima umo katika ngozi hiyo. Mota ya pampu ikizidiwa, waya unachemka, vanishi inaungua, mzunguko unagusa mzunguko na umeme unapata njia ya mkato. Fundi mzuri, kabla hajaufungua waya ulioungua, huhesabu mizunguko na kupima unene wake. Ana sababu. Nguvu ya sumaku-umeme hutegemea ampia ukizidisha kwa idadi ya mizunguko. Waya mwembamba mno utakuwa na mizunguko mingi lakini utachemka. Mnene mno hautatosha kwenye mifereji ya chuma. Watu hawa wanafanya fizikia kila siku, wakiwa wamechuchumaa, na naamini kabisa kwamba walimu wetu wa sayansi wangepaswa kuwapeleka wanafunzi kwao.

Kuna ukomo hata hivyo. Vikoa vyote vya chuma vikishajipanga, hakuna cha kupanga tena. Chuma kimeshiba, nacho hushiba kwenye tesla 2 na kidogo (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku). Katika tesla 1, kila sentimita ya mraba ya chuma kilichogusana barabara na sumaku inashikwa kwa nguvu ya kubeba takriban kilo 4; katika tesla 2, kilo 16, kwa kuwa uga ukiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Kutu na rangi zikiingia kati, nguvu hushuka upesi. Winchi za yadi za vyuma chakavu hufanya kazi kwa hesabu hizi, na ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kupita chini yake: umeme ukikatika bila betri ya akiba, mzigo wote unashuka.

Anayetaka kwenda mbali zaidi huacha chuma na kugeukia waya usio na ukinzani. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina koili za niobiamu na titaniamu zilizozamishwa katika heliamu ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mkondo ukishaingizwa humo huzunguka kwa miaka bila kusukumwa. Uga wake wa tesla 1.5 ni zaidi ya mara 40,000 ya uga wa Dunia hapa pwani ya Afrika Mashariki, na hauzimwi jioni wauguzi wanapoondoka. Mtungi wa oksijeni ukiingizwa chumbani humo hugeuka kombora, hata usiku wa manane.

Kwenye mitambo ya umeme, sumaku-umeme ndiyo inayotawala. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla 2,115. Sehemu inayozunguka katika jenereta kubwa za namna hiyo huzungushiwa koili badala ya kubandikwa sumaku za kudumu. Jioni watu wanapowasha taa na pasi, mtambo huongeza mkondo kwenye koili hizo ili volti zisishuke. Usiku mzigo ukipungua, unapunguza. Sumaku ya kudumu usingeweza kuiambia hivyo.

Lakini mkondo huo wa kwanza unatoka wapi kabla mtambo haujazalisha chochote? Mitambo mikubwa ina betri. Jenereta ndogo nyingi za petroli hutegemea chuma cha ndani, ambacho hubaki na sumaku kidogo tangu mara ya mwisho ilipowashwa. Sumaku hiyo hafifu inazalisha volti chache, volti zinapeleka mkondo kwenye koili, koili inakuwa sumaku yenye nguvu zaidi, na kwa sekunde chache volti zinapanda hadi 230. Jenereta iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kunguruma vizuri kabisa isitoe umeme, kwa sababu masalia hayo yamepotea. Wenye jenereta hudhani imekufa. Fundi anayejua huyarudisha masalia kwa kugusisha betri ya gari kwenye koili kwa muda mfupi tu.

Sasa ile pete nyeusi ya spika. Ni ferati: oksidi ya chuma iliyookwa pamoja na bariamu au strontiamu, aina iliyotokea miaka ya 1950, ya bei rahisi na isiyoshika kutu. Iliyo kali kuliko zote sokoni ni ya neodimiamu, chuma na boroni, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wawili waliokuwa mbalimbali: Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani. Kwa njia ya Sagawa, madini huyeyushwa, husagwa kuwa unga wa chembe za maikroni chache, kisha unga hushindiliwa ndani ya uga wa sumaku-umeme ili kila chembe ielekee upande mmoja. Huokwa kwenye zaidi ya nyuzi 1,000. Likitoka tanurini bonge hilo halina sumaku yoyote, maana joto limeshaiondoa. Huwekwa ndani ya koili, umeme mwingi uliokusanywa unaachiwa kwa mpigo mmoja wa sehemu ndogo ya sekunde, na sumaku imezaliwa. Ile inayotetemesha simu yako mfukoni imepitia njia hiyo.

Nguvu za sumaku ya neodimiamu zina hatari ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Vile vigololi vidogo vya sumaku vinavyouzwa kama vitu vya kuchezea si vya kumwachia mtoto mdogo. Akimeza kimoja huenda kikatoka. Akimeza viwili, vinaweza kutafutana kupitia kuta za utumbo, vikaubana mpaka ukatoboka, na dalili za mwanzo ni maumivu ya tumbo na kutapika kama ugonjwa wowote wa kawaida. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

Sumaku za neodimiamu ndizo pia zilizomo kwenye magurudumu ya pikipiki nyingi za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Koili hukaa katikati zikipokezana mkondo, na pete yenye sumaku huzunguka nje yake pamoja na tairi. Takriban asilimia 90 ya sumaku za aina hii hutengenezwa China. Aprili 2025 China ilipobana uuzaji wake nje, viwanda kadhaa vya magari duniani vilisimamisha kazi kwa muda. Nasi tunayo malighafi: Ngualla katika mkoa wa Songwe kuna neodimiamu na praseodimiamu, na Gakara nchini Burundi zilichimbwa hadi serikali iliposimamisha kazi mwaka 2021. Naona ni hasara kubwa kuzungumzia madini haya kama mawe ya kusafirishwa tu, bila kuuliza nani hapa atajifunza kuyashindilia, kuyaoka na kuyapiga umeme.

Tena si lazima kuanzia mgodini. Ndani ya diski ngumu nyingi za kompyuta zilizokufa kuna vipande viwili vya neodimiamu vyenye umbo la mwezi mchanga, vizima kabisa, vinavyotupwa pamoja na taka nyingine. Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza walitafuta njia ya kuvirejesha: gesi ya haidrojeni huingia ndani ya sumaku hizo, zikavimba, zikapasuka na kuwa vumbi lisilo na nguvu za kunasa. Vumbi hilo hushindiliwa upya ndani ya uga wa koili, huokwa, kisha hupigwa mshindo mpya wa umeme.